Nta Nyekundu Kwenye Ukuta wa Papa

Hili jambo nikilisimulia huwa ninaangalia chini, maana aibu ya siku ile hata leo ikinikumbuka niko sokoni, ninachagua nyanya zangu, ninasikia masikio yanawaka moto. Lakini mmeniomba, na nyinyi si watu wa kufichwa siri, basi chekeni, mkimaliza mnipe chai.

Nyumba yetu ilikuwa Kasha, huko Bagira, na papa aliijenga mwenyewe, kwa matofali aliyoyafinyanga na kuyachoma mwenyewe. Nje aliipiga sementi kama watu wote, lakini ndani, saluni, pale tunapokaribisha wageni, ukuta mmoja aliuacha hivyo hivyo, matofali yanaonekana, kwa sababu (alisema) hakuunguza kuni zote zile ili aje kuyaficha. Karibu na mlango wa chumba kulikuwa na tofali moja alilolishika kabla halijakauka, na alama za vidole vyake vinne zikachomwa pamoja nalo. Nilipokuwa mdogo kila nikipita hapo ninaingiza vidole vyangu mule, vinapotea, na papa kwenye kiti chake ananiuliza:

"Bado havijafika?"

"Bado, papa."

"Basi kula bugali."

Papa alituacha nikiwa nimemaliza masomo, vidole vimekaribia kufika. Ninamkumbuka sana mpaka leo, siwezi kuwaambia vingine.

Alivyokuwa hai, kila kiangazi alikuwa anachukua ufagio mkavu wa majani anapangusa ukuta ule polepole, kutoka juu kwenda chini, basi. Maji hapana, rangi hapana. "Tofali inapumuaka," alikuwa anasema, "muiache ipumue." Baada yake hakuna aliyeshika ufagio ule (mimi nilikuwa ninaogopa kulia), mvua ikapata njia kwenye bati, na matofali yakaanza kutoa chumvi nyeupe, kama mtu aliyeamka bila kujipaka mafuta.

Hapo ndipo familia ya Mugisho, mchumba wangu, ikatuma habari: Jumamosi wanakuja kuniomba rasmi. Ni watu wa Nyalukemba, mtaa wa wenye nafasi, baba yake, mzee Birindwa, ni direkta wa shule, mimi nikauangalia ukuta ule nikaona watakachokisema njiani wakirudi, kwamba tangu fundi afe nyumba yake imekuwa yatima. Nilitaka papa awepo siku ile, na kwa vile hawezi kuwepo, nilitaka angalau ukuta wake usimwaibishe.

Basi Jumatano nikauosha kwa maji na sabuni. Alhamisi chumvi ikatoka mara mbili zaidi! Nikachukua kopo la sire, ile nta nyekundu tunayong'arishia sakafu, nikailainisha kwa mafuta ya taa, nikapanda kwenye kiti.

"Nabintu," maman akaniambia kutoka jikoni, "papa yako hakukuwa anatiaka kitu mu ile ukuta."

"Maman, ile ilikuwa zamani. Sasa tuko na wageni."

Ukuta ukang'aa jamani, mwekundu kama siku ulipojengwa, na tofali la vidole, kwa sababu ndilo nililolipenda, nikalipaka mara tatu. Ijumaa bado unanata. Jumamosi asubuhi bado unanata kidogo, nikasema kidogo si kitu.

Mabenchi tuliazima kanisani, yale yasiyo na pa kuegemea, na wageni ukiwapenda unawapa upande mzuri wa nyumba. Ni mimi mwenyewe niliyeyapanga kwenye ukuta ule, kwa heshima! Wakaja sita, mzee Birindwa ndani ya abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, ya rangi ya maziwa, imepigwa pasi mpaka inakata. Mvua ikaanguka, mlango ukafungwa, watu wamebanana, joto likapanda, nta ikalainika, na baba mdogo wangu, aliyekuwa anasema kwa niaba ya papa, akarefusha hotuba kama kawaida yake. Wageni wakachoka. Mmoja mmoja wakaegemea.

Mzee Birindwa akasimama kujibu, na kwa adabu yake akageuka kwanza kusalimia wanawake waliokuwa mlangoni pa jikoni, akatupa sisi mgongo.

"Ba-maman, jambo yenu."

Hapo shangazi yangu (yeye mdomo haujui kufunga) akalia:

"Yesu wangu! Muzee iko na nyumba mu mugongo!"

Ilikuwa kweli. Matofali manane mekundu, safu kwa safu, na sementi ya katikati imeachwa nyeupe sawasawa. Wageni wengine wakageuka kuangaliana, na kila aliyegeuka alikuwa na ukuta wake. Mimi badala ya kujificha nikarukia kitambaa chenye mafuta ya taa nikaanza kumsugua mzee mgongoni (mkwe mtarajiwa, ambaye nilitakiwa kumsalimia kwa mbali, kichwa chini!), na matofali manane yakawa tope moja. Mugisho alikuwa ameziba uso kwa mikono yote miwili.

"Acha, mutoto," mzee akasema. Akamuuliza baba mdogo: "Hii ukuta, ni nani aliijenga?"

"Ni kaka yangu, marehemu. Papa ya huyu mutoto."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi tulikuja kuomba kwa mwenyewe, na mwenyewe ametupiga ku mugongo, anasema karibu."

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko na vigelegele, nami nikalia, na wote wakadhani ni furaha.

Walipoondoka, wakishuka Bagira na ukuta wetu migongoni, watu wakitoka milangoni kuwatazama, nilikwenda kwenye tofali la papa. Nikapapasa, nikapapasa tena. Lilikuwa laini. Nta ilijaza mashimo yote manne, na mafuta yalikuwa yameshaiingiza ndani ya tofali. Nilikaa chini na pini ya nywele, nikachokoa, nikachokoa, vidole vitatu vikarudi. Maman akaja akakaa karibu yangu.

"Kile kidogo uache," akasema. "Utavunja tofali."

Leo niko na nyumba yangu Nyalukemba, na ukuta wa matofali ndani, na yeyote atakayeusogelea na kopo la kitu chochote tutaonana ubaya. Ufagio mkavu, kiangazi, kutoka juu kwenda chini, basi. Lakini nikienda Kasha, kabla ya kumsalimia mtu ninapita kwanza kwenye lile tofali. Vidole vitatu vinaingia, vinajaa kabisa.

"Vimefika, papa," ninamwambia.

Kile cha nne kinabaki nje.