Mlinzi Aliyetoka Ngaramtoni

Jumapili iliyopita, tumetoka kanisani, tumekula, vyombo vimeoshwa, wanangu wakaniomba nikae nao sebuleni tuangalie filamu. Nikakaa. Nyumba yetu ya Njiro ina ukuta na geti, na televisheni kubwa kuliko dirisha la chumba nilichokulia. Filamu haijafika mbali, akaonekana mlinzi amesimama mlangoni anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akapuliza vidole vyake kwa baridi. Stelingi akatokea nyuma, akamvunja shingo, akapita zake. Wanangu wanaendelea kutafuna bisi. Nikauliza, "Jamani, na huyo mlinzi?" Yule mkubwa akacheka. "Mama nawe! Huyo si wa maana, ni wa kupita tu."

Nikanyanyuka nikaenda jikoni, nikafungua bomba bila sababu. Nakuambia wewe, rafiki yangu, kwa sababu wao hawataelewa. Mimi nina hasira za karibu, lakini huwa najua zinakotoka, na hii ilitoka Kimandolu.

Kimandolu ya utoto wangu haikuwa mji hasa. Migomba ilishuka mpaka kando ya barabara, na mvua ikianza kule juu Meru tuliisikia kwenye majani kabla haijagonga bati letu. Wazazi wetu walishatangulia, kwa hiyo mimi na kaka tulilelewa na bibi mzaa baba. Kazi yangu ilikuwa maji na kuni. Kaka alikata majani ya ng'ombe na kutoa samadi. Bibi alikuwa na mibuni yake, na bei ya kahawa ilipoanguka aling'oa mbuni mmoja mmoja kwa jembe lake mwenyewe ili apande maharage, akiisemesha mizizi kwa Kimeru. Sijui alikuwa anaiambia nini. Jioni tulikula loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa ndani ya maziwa mgando, na mpaka leo nikisikia harufu ya maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu nameza mate.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na vumbi peke yake yakajaa sabuni za kunukia. Mitumba ikamwagwa sokoni mpaka wanawake wakawa wanapigana vikumbo kugombea sketi. Viwandani nako watu wakaanza kupunguzwa, na jirani yetu mmoja, baba mwenye tumbo na maneno mengi, akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake. Badala ya kununua ng'ombe kama watu wazima wenzake, akanunua deki ya video na televisheni. Akajenga banda la mabanzi, akaziba madirisha kwa magunia ili giza likae ndani. Mtaa mzima tukasema baba wa watu amechanganyikiwa. Haukupita muda mrefu tukawa tunagombania mabenchi yake.

Mchana wa Jumamosi ndio ulikuwa wenyewe. Jenereta linanguruma nyuma ya banda, mlangoni kuna mama na karai lake la mihogo ya kukaanga, ndani joto, jasho, harufu ya pilipili na mafuta ya taa. Filamu zilikuwa za ngumi kutoka mbali, au za Kihindi za kulia na kucheza. Lugha zake hakuna aliyezijua, kwa hiyo jirani alihitaji mkalimani, na mkalimani akawa kaka yangu. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba. Kihindi na Kichina ndiyo usiseme. Kaka alikuwa anatunga, na kila aliyekaa pale alijua anatunga. Alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akabadilisha sauti kwa kila mtu, mzee akawa mzee, binti akawa binti, mpaka tukasahau kwamba anayeongea ni mmoja.

Mwanzoni alitafsiri kama wakalimani wote: stelingi huyu, adui yule, hawa wengine wa kupigwa. Aliyembadilisha ni bibi. Siku moja bibi alikuja bandani na fimbo kumtafuta, maana ng'ombe alikuwa hajaona majani tangu asubuhi. Akafunua gunia la mlangoni, na wakati huohuo kwenye kioo mlinzi mmoja akarushwa kutoka ghorofani. Bibi akashika kifua. "Mungu wangu! Huyo ni mtoto wa nani?"

Banda zima likaangua kicheko. Kaka hakucheka. Alibonyeza deki, picha ikasimama, mlinzi wa watu ananing'inia hewani. "Shikamoo bibi," akasema.

"Marahaba. Nimeuliza, ni wa nani?"

"Huyo kwao Ngaramtoni, bibi. Ni kitinda mimba. Hiyo kazi ya ulinzi ameianza juzi tu, alikuwa anataka kumjengea mama yake jiko."

Bibi akakaa chini. Fimbo akaiweka chini ya benchi, ng'ombe akasahaulika mpaka jioni.

Tangu siku ile akawa anakuja kila Jumamosi, na kila aliyeanguka alimwulizia. Ameacha watoto? Nani atakwenda kuwaambia kwao? Na kaka akawa anajibu. Jamani, kaka alikuwa na kipaji! Dereva wa adui akawa mtu wa Usa River anayedaiwa ng'ombe wa mahari. Mwanamke aliyepita na kapu la maua, hajasema hata neno, kaka akampa sauti ya kukwaruza na mume mlevi. Nilimwuliza nyumbani, tunamenya maharage, anayatoa wapi haya yote. Akasema haangalii anayeongea, anamwangalia aliye nyuma yake. Utaona mmoja anajikuna, mwingine ametazama pembeni, mwingine viatu vinambana. "Kila mtu ana anakokwenda," akaniambia. "Stelingi amemkuta njiani tu."

Nimeangalia filamu nyingi tangu hapo, nyingine za gharama kufuru, na bado kipimo changu ni hicho. Ukinionyesha mtu ambaye hana shughuli yake mwenyewe, kazi yake ni kumfungulia stelingi mlango na kumfia, umeninyima mtu. Zipo zinazojua. Kikombe kile cha chai cha Jumapili, mtengenezaji alijua. Ndiyo maana niliumia, kwa sababu alijua halafu akampita yule mlinzi.

Sasa, mambo mazuri hayadumu. Ng'ambo ya barabara likafunguliwa banda la pili lenye spika mbili kubwa, na kule hakuna mkalimani wa kusimamisha kanda, ni ngumi mwanzo mwisho. Vijana wakaanza kuhama. Waliobaki kwetu wakawa wanapiga mluzi kaka akisimamisha picha. "Turudishie stelingi!" Halafu ikaja ile Jumamosi ambayo sitaisahau. Kaka alikuwa amemtengeneza mpishi mmoja wa adui vizuri mno, mtu wa Poli, ana binti anayesubiri kipaimara. Stelingi alipomchoma kisu, wanawake wakalia kwa sauti. Bibi akamtukana stelingi kwa Kimeru. Mtu mmoja akasimama akasema stelingi huyu ni muuaji, anafaa kukamatwa. Vijana wa nyuma wakachukia, wakavunja benchi, wakatoka kwenda ng'ambo.

Jirani alimfukuza kaka palepale nje, mbele ya mama wa mihogo. "Unanimalizia wateja! Watu wanataka ngumi, wewe unawaletea matanga!"

Kaka alimkabidhi kile kijiti kwa mikono miwili, akaja kunishika mkono, tukaenda nyumbani.

Kazi nyingine haikuwepo. Alizunguka gereji, alizunguka viwandani ambako wenye watoto wanne walikuwa wanarudishwa makwao. Wenzake walikuwa wanaondoka kwenda Mererani kwenye mashimo ya tanzanaiti, na mmoja akirudi na viatu vipya, kumi walitaka kwenda. Bibi alimkatalia. Akamkatalia tena, mpaka sauti ikamkauka. Kaka akamwambia anakwenda mara moja tu, akipata kidogo anarudi kufungua banda lake mwenyewe, na bibi atakaa mbele. Aliondoka na blanketi na vitumbua nilivyomfungia kwenye gazeti.

Kule aliingia kwenye shimo la tajiri mmoja. Mshahara haukuwepo, ni chakula na ahadi ya mgao jiwe likionekana. Alikuja nyumbani mara moja, amekonda, macho mekundu, nywele zina unga mweusi usiotoka kwa maji. Bibi alimwuliza wenzake ni akina nani, naye akatueleza mmoja mmoja, anayetoka Singida, anayeogopa panya, anayeimba akichimba. Tulicheka sana siku ile. Hatukumwona tena.

Habari ililetwa na kijana mmoja wa machimboni wakati wa mvua kubwa. Kifusi kimeshuka. Hao wa ndani hawajatoka.

Bibi alitaka kitu kimoja tu, na mtaa mzima ulikijua: mjukuu wake aletwe alale kwenye migomba, karibu na baba yake na mama yake. Majirani wakachimba kaburi siku ileile. Turubai likafungwa, wanawake wakapika, tukasubiri. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani, bibi alisimama. Mvua ikawa inajaza maji kaburini na vijana wanayachota kwa ndoo, wanayachota tena. Siku zikapita. Mwili hauji.

Aliyekuja ni tajiri wa shimo, na pikapu yake na gunia la mchele na sukari. Alikalishwa kwenye kiti kizuri. Akapewa chai. Akaanza kueleza, na alijua kueleza, usimwone. Jinsi asubuhi ile alivyoshuka shimoni yeye mwenyewe. Jinsi alivyosikia kitu moyoni kikimwambia toka. Jinsi alivyopanda kamba, akafika juu, akachukua chai, na kabla hajamaliza ardhi ikatikisika chini ya miguu yake. "Mungu ana makusudi na mimi," akasema, na machozi yakamtoka. Watu wakaitikia, "Mungu ni mwema!" Jirani mwenye banda akasogeza kiti karibu akataka arudie pale penye kamba. Akarudia. Nikatazama nyuso za waombolezaji wetu, na nikaona wamenogewa. Wamekaa mbele ya msiba wetu, wanashangilia stelingi aliyepona.

Mwishoni ndipo akasema, "Basi, na vijana wangu wakabaki chini." Akataja jina la marehemu wetu, na halikuwa jina la kaka.

Bibi ndiye aliyeongea. Hakupandisha sauti. "Baba, wakati wewe unakunywa chai, yeye alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa kazini, bibi."

"Alikuwa amekula?"

Tajiri akawatazama vijana aliokuja nao. Hakuna aliyejua. Akasema kule chini watu ni wengi. Bibi akasubiri, kikombe cha mgeni mkononi mwake, tayari kukijaza tena. Mchungaji akaona vibaya, akaanzisha pambio.

Kabla ya kuondoka tajiri alitoboa ukweli. Kifusi hakitaondolewa, ni hatari, shimo litafungwa. Baadaye tulisikia walichimba kwa kupitia upande mwingine, na mawe yakapatikana.

Kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, kwetu ni mwiko. Wazee wakakata mgomba, wakaulaza mle ndani, wakafukia. Mzee wa kanisa akasoma historia ya marehemu: alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alijishughulisha na shughuli ndogondogo. Neno banda hakulitamka, maana kwa wazee wa kanisa banda lilikuwa la shetani. Wale watu wote aliowapa mama na nyumba na deni la ng'ombe, hawakutajwa. Iliisha upesi sana. Nilitaka kupiga kelele na sikupiga, nilikuwa mtoto wa kike mwenye kanga ya kuazima. Bibi hakukaa duniani muda mrefu baada ya hapo, na bandani hakukanyaga tena.

Siku hizi ukipita Kimandolu hutaona migomba, utaona maduka ya nondo na saruji. Mahali pa banda wanauza rangi. Shamba letu liliuzwa na ukoo, kuna ghorofa, na sina hakika ni chini ya chumba gani tulifukia ule mgomba. Kanda zile ziliota ukungu zikatupwa. Sizililii kanda, rafiki yangu, kanda walikuwa nazo hata ng'ambo. Yaliyokuwa yetu hayakuwa kwenye kanda.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Nikifumba macho naisikia sauti ya mlinzi wa Ngaramtoni, ile nyembamba ya kitinda mimba. Namsikia mpishi wa Poli akimwita binti yake. Namsikia yule mwanamke wa maua, anakwaruza. Wote nawasikia vizuri kabisa. Kaka mwenyewe, sauti aliyokuwa anatumia kuniamsha asubuhi, naitafuta miaka yote hii na siipati.