Dereva Aliyebaki Kwenye Foleni ya Kabanga

Naomba nianze kwa kukiri kwamba hadi leo nikipita Kabanga navaa kofia na kuishusha mpaka kwenye nyusi, na bado madereva wananitambua, na yupo mmoja ambaye akiniona tu anazima injini, anashuka, ananisalimia kwa heshima za uongo kabisa, kisha ananiuliza leo nimekuja kumfufua nani. Nacheka naye. Nitafanyaje, na maneno yale niliyasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kupitia spika nne?

Mimi ni fundi wa kompyuta, nina kibanda changu Ngara mjini, na kazi yenyewe ilikuwa Kabanga, mpakani na Burundi, kwenye yadi ya maegesho ya malori ya Bi Zulfa, mama wa familia ya wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani na robota za nguo, mkali, asiyependa kabisa kusikia neno "subiri". Madereva wakifika pale wanaandikishwa, halafu sauti ya kike ya mashine inawaita mmoja mmoja kwa jina waende dirishani kuchukua karatasi za kutokea. Foleni hiyo yote inaendeshwa na mashine pepe (yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inaishi ndani ya kompyuta nyingine kubwa kama mpangaji), na ile kompyuta kubwa ya zamani ilikuwa imeanza kukoroma, kwa hiyo Bi Zulfa alinunua mpya, akanipa kazi ya kumhamisha mpangaji.

Wiki sita kabla ya siku yenyewe nilikwenda kufanya majaribio. Nikanakili diski nzima ya ile mashine, nikaiweka kwenye kompyuta mpya, nikaona imekaa vizuri, nikaiacha humo. Asubuhi hiyo, katika waliokuwa wakisubiri kuitwa alikuwemo Renatus Bitegeko, dereva mpole, mume wa mama Editha anayeuza chai na maandazi ndani ya yadi ile ile. Nilikunywa chai naye, akanisimulia habari za mwanawe anayependa kuchora malori. Mchana akapata karatasi zake akaondoka, na kwenye mteremko wa njia ya Biharamulo breki zikakataa.

Alizikwa kwao Kirushya. Mama Editha alirudi kwenye jiko lake baada ya wiki mbili, maana watoto wanakula kila siku, na yadi nzima, bila mtu kuitisha kikao, ikakubaliana kutolitaja lile jina. Hata Bi Zulfa (huyo huyo asiyesubiri mtu) alimsogezea meza upande ambao hauoni geti. Mama wa watu alikuwa ameanza kutulia, anamimina chai bila kuimwaga, siku moja moja anawatania madereva, na kila mtu aliuona utulivu ule na kuuchunga.

Sasa njoo siku ya kuhama. Ilikuwa saa nne asubuhi na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka malori yamewasha taa, unamsikia mtu akikohoa lakini humwoni. Mimi nikawatangazia madereva kwamba leo nahamisha mashine ikiwa macho, inafanya kazi, na hakuna atakayesimama hata dakika moja. Nani aliniuliza? Hakuna. Kujidai tu.

Jamani, mashine pepe ikihamishwa ikiwa macho kuna vitu viwili vya kubeba. Kuna yaliyo kichwani mwake saa hiyo, na kuna diski, ambako imeandika mambo yake yote, pamoja na yale ambayo diski imeambiwa iandike na haijamaliza. Vyote vifike pamoja, sawasawa, la sivyo ni kama karani aliyehamishwa ofisi akakuta mezani daftari la mwezi uliopita. Njia salama ilikuwa kusimamisha foleni dakika arobaini, diski imalize kuandika, niinakili upya. Lakini nimeshajitapa, nitasimamishaje? Programu ikaniuliza: diski nayo isafirishwe, au tayari ipo huko? Nikajibu ipo. Si ilikuwepo?

Mwanzoni mambo yalikuwa safi. Sauti iliita dereva wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote wa leo, Bi Zulfa akachungulia stoo nilikokuwa nimejifungia na mitambo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mashine ikamaliza ya kichwani, ikaenda kusoma kwenye diski. Ikamwita mtu aliyevuka zamani, watu wakacheka. Ikamwita mwingine, ambaye wenzake walisema yuko Bujumbura. Kicheko kikapungua.

"Dereva Renatus Bitegeko, dirisha la pili."

Mle stoo kulikuwa na kipaza sauti cha matangazo ya dharura, na mimi kwa mshtuko nilikuwa nimeegemea swichi yake kwa kiwiko, kwa hiyo niliposema "Mama yangu, nimemfufua mtu," nilisikia sauti yangu mwenyewe ikinirudia kutoka kwenye ukungu, pande nne, polepole. Nikatoka mbio. Nikajikwaa kwenye mnyororo wa tela, nikaanguka kifudifudi mbele ya madereva, kandambili moja ikaingia chini ya lori. Akina mama wawili waliokuwa wakiuza ndizi getini waliacha mikungu yao hapo hapo na kuondoka bila kuaga. Karani wa dirisha la pili, Philbert, alikuwa ameshatoka kupitia mlango wa nyuma. Hapakuwa na mtu karibu na dirisha lile, na kwenye runinga ya foleni jina la Renatus lilikuwa linawaka taratibu, pembeni limeandikwa: anasubiri.

Ile mashine huita mara tatu, kila baada ya dakika tatu. Usipojitokeza, inakuondoa kwenye foleni. Ikaita mara ya pili, kwa upole ule ule wa kitu kisichojua habari.

Mama Editha alitokea kwenye ukungu na birika mkononi. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa bado nimepiga magoti, mguu mmoja peku.

"Fundi," akaniuliza, "hiyo ni ya leo?"

Nikamweleza kwa kubabaika kwamba hapana, ni diski ya asubuhi ile, niliinakili kabla hajaondoka, ni kosa langu, anisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa haniangalii, anaangalia ile runinga.

"Kwa hiyo humo bado hajatoka."

"Bado, mama."

"Akiwa kwenye foleni hajafika barabarani." Akaweka birika chini. "Ikimwita mara ya tatu itamwondoa, si ndiyo? Izime kabla."

Nilikimbia kuliko nilivyokimbia mwanzo. Nabonyeza pasipo penyewe, nje kimya kabisa, hata injini zilikuwa zimezimwa. Spika zikakwaruza, zikaanza, "Dereva Re..." na mimi nikaisimamisha. Ikakata hapo hapo, katikati ya jina.

Mashine ya upande wa zamani ilikuwa imesinzia tu, na diski yake ya leo ilikuwa salama, nikaiamsha. Ikamwita dereva halali wa leo, dirisha la pili. Hakuinuka. Philbert naye, aliporudi, alisema kile kiti hakalii. Tulisimama hivyo, Bi Zulfa mwenyewe akisubiri, mpaka mama Editha alipomimina kikombe cha chai, akakiweka kwenye ubao wa dirisha la pili, akarudi kwenye meza yake na kumwambia yule dereva, "Nenda baba, ni zamu yako. Ushuke mteremko polepole." Akaenda. Chai ile hakuna aliyeigusa mpaka jioni.

Bi Zulfa aliniamuru nifute nakala ile isibaki hata chembe, na nilimwambia nimefuta. Kazi nilimalizia wiki iliyofuata, foleni ikiwa imesimamishwa na diski ikiwa imenakiliwa upya, madereva wakinung'unika wanavyotaka. Nimeapa sitahamisha tena mashine ya mtu kwa kujionyesha, na programu ikiniuliza kama diski tayari ipo huko, mimi ninajibu haipo, hata kama naiona kwa macho.

Ila sikufuta. Ipo kwenye diski moja ndogo, nimeifunga kwa kitambaa, haijawashwa tena. Nikienda Kabanga (na kofia yangu) mama Editha ananimiminia chai, anangoja walio karibu wasogee, halafu ananiuliza kwa sauti ndogo kama bado yumo.

"Yumo, mama," namjibu. "Hajaitwa."