Karani Hajiandiki

Nitasema mapema, asije mtu akasoma akingoja nisamehe: sikusamehe. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alinitoa kwenye kinyang'anyiro cha ubunge bila hata kuninyooshea kidole, na miaka mitano baadaye nikamtoa yeye vivyo hivyo. Anayetaka hadithi ya upatanisho aende kanisani. Huku kwangu hakuna.

Mimi ni mke wa kisiwani lakini si mzaliwa wa huko. Niliolewa Takawiri kutoka karibu na Asumbi, na tangu siku niliyoshuka kwenye boti na sanduku langu, hakuna aliyewahi kuniita kwa jina. Mke kwetu huitwa kwa alikotoka, kwa hiyo mimi ni Nyar Asumbi, binti wa Asumbi, mpaka nife. Masista walionisomesha walinipa mwandiko mzuri, na mwandiko huo ukanipa kazi. Nilikuwa karani wa bichi. Bichi kwetu si pahali pa kuogelea. Ni pale boti zinapotia nanga na samaki wanapopimwa, na kila bichi ina kamati yake na rejista yake. Katika rejista yangu kulikuwa na kila mwenye boti, kila mvuvi, kila mama mnunuzi wa samaki: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, saini. Niliandika kisiwa kizima isipokuwa mimi, maana karani hajiandiki. Si mvuvi, si mnunuzi, ni kalamu tu.

Ubunge niliutaka kwa sababu ya boti moja. Nilikuwa nimemsindikiza jirani aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, tukamvusha kwenda bara kwa boti ya omena, dagaa wetu wa ziwani, amelazwa juu ya nyavu zenye maji, na mhudumu wa injini akituuliza kama anaweza kupitia mahali kuchukua mzigo. Mzigo! Mtoto alizaliwa akiwa hai, namshukuru Mungu, lakini hasira yangu haikulala tena. Kila mheshimiwa alikuwa ameahidi boti ya wagonjwa, na kila mheshimiwa alikuwa amesahau. Nikasema basi, nitaenda mwenyewe.

Chama kikubwa cha huku hakikunitaka. Wazee wake waliniuliza ninasimama kwa niaba ya ukoo upi. Kisiwani mimi ni mgeni, na Asumbi nimeshaolewa nikaondoka, kwa hiyo sina kwetu. Nikawaambia asanteni sana kwa chai, nikaenda kuwa mgombea huru.

Sheria ya mgombea huru niliijua kuliko sala ya asubuhi. Uwe umekaa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi bila kuwa mwanachama wa chama chochote. Upate cheti cha kuthibitisha hivyo. Uchague alama ya karatasi ya kura isiyofanana na ya mtu mwingine. Mimi nilichagua boya la kuokolea. Kisha uwe na wapiga kura elfu moja wa eneo bunge lako wanaokuunga mkono, kila mmoja na nambari ya kitambulisho na saini yake. Na hao elfu moja nao, hapa ndipo kwenye mwiba, wasiwe wanachama wa chama chochote. Niliipenda sheria hiyo, nasema kweli. Ilikuwa kitu cha kwanza katika siasa za kwetu ambacho hakikuniuliza nimeolewa wapi.

Niliwatafuta watu wangu kwa mwezi mzima, kisiwa kwa kisiwa, kisha vijiji vya ufukweni. Nilipata elfu moja na zaidi. Kila mtu alisaini kwa mkono wake, na asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Sikusaini kwa niaba ya mtu hata mmoja, ingawa mwandiko ninao.

Msimamizi wa uchaguzi aliipokea orodha yangu kwa heshima. Niliporudi kuulizia, aliniketisha kwanza, na hapo nikajua mambo yameharibika. Akanigeuzia karatasi. Jina baada ya jina lilikuwa na alama nyekundu pembeni. "Mama, hawa wote wako kwenye rejista ya chama," akasema. Nikamwambia haiwezekani, hawa ni wavuvi, kadi ya chama wangeiweka wapi? Akanionyesha tarehe waliyoandikishwa. Watu mia kadhaa wa bichi saba, wote siku moja.

Yawa! Tarehe ile niliijua. Ilikuwa wiki ile shemeji aliponijia nyumbani, mwaka mmoja kabla, akiwa katibu wa chama hicho katani. Alisema anawaombea wavuvi makoti ya kuokolea, na wafadhili wanataka majina na nambari za vitambulisho. Nilimpa rejista yangu. Si hiyo tu, kwa kiherehere changu nilizunguka bichi sita jirani nikaazima za makarani wenzangu, nikamletea mpaka mezani. Nikampikia na ugali kwa samaki wa mbuta. Makoti hayakuja hata moja.

Nilijaribu kulalamika. Kamati ya malalamiko iko, na siku zake zimehesabiwa, na ilitaka wahusika wenyewe wafike kukana uanachama. Ziwa lilikuwa limechafuka siku ya kusikilizwa. Walifika watatu.

Nilimfuata shemeji kwake. Alikuwa anakunywa soda chini ya veranda, miguu juu ya stuli. Nilidhani angekana, nikawa nimejiandaa kwa hilo. Hakukana. Aliniangalia vizuri tu, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyeanguka, akasema, "Sheria ni sheria, Nyar Asumbi. Ungeisoma." Halafu akaongeza kwamba nyumba moja haitoi wabunge wawili, na zamu yake inakuja. Mume wangu alikuwa pale. Alitazama soda yake mpaka mapovu yakaisha. Hilo nalo sijalisamehe.

Nikaondoka kisiwani. Nilihamia Suna, mjini Migori, nikaanza kuuza omena kwa gunia. Watu wa Suna ni wema, wanabishania bei mpaka unasahau shida zako. Lakini kura yangu sikuihamisha. Na ile orodha yenye alama nyekundu niliirudisha ndani ya bahasha yake, nikaiweka chini ya godoro, na kwa miaka mitano nililala juu yake. Wakati mwingine niliitoa nikaisoma. Mume wangu akija kunitembelea aliniuliza ninasoma nini, nami nikamwambia, nasoma sheria.

Zamu ya shemeji ikafika. Alijenga jina, akachangia harambee, akanunua kofia. Kwenye mchujo wa chama wakamwangusha. Wazee walewale walionikataa mimi walimpata mwingine mwenye sauti kubwa kuliko yake. Habari ilinikuta nikipima omena, na mteja aliniambia nimezidisha kopo zima la gorogoro. Nikamwambia chukua, leo ni sikukuu.

Siku ya tatu akaja kwenye kibanda changu, na mkate na sukari mkononi. Miaka mitano hakuwahi kuniletea hata kiberiti.

"Shemeji," akasema. Sasa nimekuwa shemeji. "Nasimama huru. Nahitaji watu elfu moja na siku zenyewe ni chache. Watu wa bichi wanakusikiliza wewe. Makarani wote ni wako."

Nilimkaribisha kiti. "Umejitoa chamani?"

"Nimejitoa, na barua ninayo. Nimewahi tarehe, hawanipati hapo." Akaugonga mfuko wa shati.

Nilitaka kuwa mwadilifu. Angalau niseme nilijaribu, kwa kipimo changu. Nikamuuliza, "Na hao watakaosaini, sheria inataka nini kwao?"

"Kitambulisho na saini, si basi?" Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Hizo nyingine ni za maofisa."

Mtu huyu aliwaingiza chamani watu wa bichi saba kwa siku moja. Alikumbuka kujitoa mwenyewe, akawasahau wao. Hawakuwahi kuwa watu kwake, walikuwa majina ya kujaza nafasi, na majina huyakumbuki. Ingetosha nifungue mdomo. Kila mmoja wao angeweza kuandika barua ya kujitoa, muda ulikuwa mdogo lakini ulikuwepo. Nikamwambia, "Usijali, shemeji. Niachie mimi."

Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Ero kamano," akasema, asante, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Nilikaribia kumwonea huruma. Nikakumbuka soda.

Nilifunga kibanda, nikatoa bahasha chini ya godoro, nikavuka kwenda visiwani. Sikutafuta watu wapya. Nilifuata orodha yangu ya zamani kutoka juu hadi chini, alama nyekundu kwa alama nyekundu. Waliokufa niliwaruka. Waliohama niliwaruka. Nafasi zao, na zile zilizobaki mpaka elfu moja, nilizijaza kwa wengine waliokuwa katika zile rejista saba. Kila mmoja alisaini mwenyewe, na hakuna aliyedanganywa kuhusu jina la mgombea, lilikuwa limeandikwa juu ya kila karatasi kwa mwandiko wangu mzuri.

Lakini watu hawasomi karatasi, wanamsoma aliyeileta. Mama mmoja pale Takawiri, muuzaji wa samaki wa kukaanga, ambaye nilimwandika kwenye rejista tangu hajaota mvi, aliifuta mikono kwenye leso na kuishika kalamu kwa uangalifu. Alipomaliza kusaini aliniuliza, "Nyar Asumbi, safari hii tutaipata ile boti?"

Nikamwambia tuombe Mungu. Hilo tu ndilo nililopata kusema. Kisha nikageuza ukurasa nikaita mwingine.

Siku ya mwisho nilibaki na mstari mmoja mtupu chini ya karatasi ya mwisho. Shemeji alikuwa kando yangu akizihesabu kurasa, anacheka peke yake. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu, nambari yangu, nikasaini. "Hata wewe!" akasema. Akanikumbatia mbele ya watu.

Tulienda pamoja ofisini kupokea jibu. Alinisihi niende, alisema mimi ni bahati yake. Alivaa suti, na alama yake alikuwa ameshaichapisha kwenye kofia: ufunguo. Msimamizi wa safari hii alikuwa mwanamke, mpole, mwenye miwani ya kamba. Naye alimketisha kwanza. Nilibaki nimesimama nyuma ya kiti.

Akamgeuzia karatasi. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Akamweleza yaleyale niliyoelezwa mimi, kwamba wanaomuunga mkono mgombea huru hawatakiwi kuwa wanachama wa chama, na kwamba hawa wameandikishwa tangu zamani, siku moja, bichi saba. Shemeji aliivuta karatasi karibu. Alikuwa ameikumbuka tarehe. Niliona shingo yake kwa nyuma ikilowa jasho mpaka kola ya shati ikabadilika rangi.

"Wote?" akauliza.

Msimamizi akafunua hadi ukurasa wa mwisho, akateremsha kidole. "Hapana. Mmoja yuko sawa. Huyu wa mwisho." Akasoma jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani, mbele ya meza yake, kwa sauti ya kawaida tu. Katika miaka yote niliyokaa ukweni, ilikuwa mara ya kwanza shemeji kusikia jina langu likitajwa.

Hakugeuka mara moja. Tulitoka hadi langoni, faili likiwa kwapani mwake, ndipo akaniangalia. "Ulijua."

"Nilijua."

"Na wewe mwenyewe ukasaini. Kwa nini usaini?"

"Ili uone ni nani tu uliyesahau kumwandikisha." Halafu nikamwambia lile nililolibeba kutoka veranda yake kwa miaka mitano. "Pole sana, shemeji. Sheria ni sheria. Ungeisoma."

Nilikuwa nimedhani yatakuwa matamu zaidi. Yalikuwa matamu, sitadanganya, niliyaonja mdomoni kote. Yeye alikaa juu ya jiwe la lango na suti yake, akaivua kofia yenye ufunguo, akawa anaizungusha tu mikononi. Sikumnunulia soda.

Nikaenda kutafuta chombo cha kunivusha. Nilikuwa na karatasi mpya kwenye mkoba, barua za kujitoa chamani, nilizozichapisha Suna kabla ya kuondoka, nafasi ya jina ikiwa tupu. Zingetosha watu elfu moja. Zilikuwa za uchaguzi ujao, wangu. Lakini uchaguzi ujao ni miaka mitano, na boti iliyokuwepo ilikuwa ya omena, nyavu zikiwa na maji. Nilipanda nikaketi juu ya nyavu hizo, nikawa nafikiria nitakavyoanza kumwambia yule mama wa samaki wa kukaanga aliyeniuliza kuhusu boti.