Kilo za Anaclet

Albertine Mwape hakusoma shule, hakujua kuimba, na uso wake ulikuwa wa kawaida tu. Lakini mkono wake jikoni! Alizaliwa Pweto, ziwani, na ukionja chisense zake, vile visamaki vidogo vilivyokaushwa juani, alivyovipika na karanga za kutwanga, ulisahau hata ugomvi uliokuja nao nyumbani kwake.

Mkono huo ndio uliompatia mumewe kazi. Mwaka 1937 Anaclet Numbi, kijana wa kaskazini aliyesomeshwa na mapadri, alikwenda kuomba kazi kwenye kampuni moja ya shaba pale Élisabethville. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuandika. Walimvua shati, wakamsimamisha juu ya mizani. Kilo arobaini na tisa. Munganga, daktari wa kampuni, akatikisa kichwa, akamwambia arudi baada ya mwezi mmoja. Vijana wengine waliokataliwa siku ile walirudi vijijini kwao. Anaclet alirudi kwa Albertine, mke aliyemwoa miezi mitatu tu kabla ya hapo.

Albertine akajifunga kitambaa kiunoni. Mwezi mzima ilikuwa ugali tu, bukari asubuhi, bukari jioni, karanga, na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, yakielea juu ya kila kitu. Anaclet aliona haya kula hivyo huku mke ameketi anamtazama.

"Na weye? Hautakula?"

"Kula, baba. Mi ntakula siku ile mizani itakubali."

Mizani ilikubali. Kilo hamsini na nne, na jina lake likaandikwa.

Msimcheke Albertine kwa somo alilolipata siku ile. Alijifunza kwamba kampuni inampima mtu kwa kilo, na mwenye kilo hafukuzwi. Kambi nzima ya wafanyakazi, walimohamia, ilimhakikishia hivyo. Watoto walipimwa kila juma, na mama wa mtoto aliyenona alisifiwa mbele ya wenzake. Wanaume walipimwa kila mwaka, mwezi wa saba. Jirani yao Chomba, mchimbaji, alikohoa miaka miwili na kila akipimwa alikuwa amepungua. Mwishowe munganga akamwambia kwa upole kabisa aende akapumzike. Juma lililofuata Mama Bwalya, mkewe Chomba, alikuwa stesheni, sufuria zake zimeviringishwa ndani ya mkeka, akilia bila sauti. Nyumba yao ikapakwa chokaa, wakaingia watu wengine. Albertine ndiye aliyemsindikiza, na picha ile ya sufuria ndani ya mkeka haikumtoka tena.

Anaclet kwa upande wake alipanda. Kutoka kubeba magunia stoo alifika kuwa karani, mwenye meza, kiti na kalamu mbili mfukoni. Wakapewa nyumba ya matofali yenye sebule. Ikaingia mikate, ikaingia sukari, maziwa ya mkebe, siagi, na bia za Jumapili. Bukari haikutoka, ilikaa palepale na hivi vingine vikaongezwa juu yake. Karani hashiki jembe, na kutembea kwa miguu aliwaachia wasio na baiskeli. Tumbo likaja. Likaja vizuri, likakaa, na watu wakaanza kumwita Patron, bwana mkubwa.

Tumbo lile lilikuwa mali ya ukoo mzima. Dada yake Anaclet, Hortense, kila alipokuja kutoka kaskazini wakati wa kiangazi, alilipapasa mbele ya majirani kama mtu anayechagua boga sokoni. "Muone kaka yangu! Uyu njo mwanaume iko na bibi!" Na Albertine alisimama mlangoni akitabasamu, maana sifa ilikuwa yake. Hata Brigitte, binti yao wa pekee, alilishwa vivyo hivyo. Alipofika miaka kumi na miwili alishindwa kukimbia na wenzake, na hilo nalo likasifiwa. Mtoto wa karani akimbilie nini?

Mwaka 1953 Anaclet alianza kushikwa na kiu isiyoisha. Akapata kidonda mguuni kilichokataa kupona. Akaenda kwa munganga, akarudi akaketi sebuleni bila kuvua viatu.

"Banasema iko sukari mu damu," akamwambia mkewe. "Munganga anataka nipunguze kilo kumi na tano. Sukari hapana, bia hapana. Bukari sawa ngumi tu, na lengalenga."

"Upungue? Sawa Chomba?"

"Chomba alikuwa na kifua, mama Brigitte. Mi ni sukari."

"Na yeye balimwambia na upole," Albertine akasema, akaingia jikoni.

Anaclet alitii. Alikula mboga zake za lengalenga bila kunung'unika na akaenda ofisini kwa miguu. Baada ya miezi miwili alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali, akamwita mkewe aje aone, akicheka. Kidonda kilikuwa kinafunga. Alikuwa analala vizuri. Albertine aliliona tundu lile akaanza kuhesabu siku, maana mwezi wa saba ulikuwa umebaki wiki tatu.

Hapo ndipo Hortense aliposhuka kwenye treni. Hakusubiri hata kupewa maji.

"Mama Brigitte, kaka yetu tulimuacha hapa munene. Juu ya nini iko anakauka? Unamulisha nini?"

Majirani walikuwa wamesimama. Albertine alitamani ardhi immeze. Mume anakonda, mawifi wanauliza, mizani inangoja. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Yeye alifanya lile alilolijua. Kesho yake alikoroga sukari ndani ya munkoyo, kinywaji kile cha mahindi na mizizi ambacho Anaclet alikipenda tangu utoto. Akamimina maziwa ya mkebe kwenye uji. Akayaficha mafuta chini ya lengalenga.

"Munkoyo ya leo iko tamu," Anaclet akasema.

"Ni mizizi mipya, baba. Inatoka Kinsevere."

Akamtazama kidogo, kisha akanywa. Hakuwahi kumshuku mkewe kwa jambo lolote. Kiu ikarudi, na kila iliporudi aliomba munkoyo, na Albertine akamletea kikombe kilichojaa, akifurahi kuona uso wake unajaa tena.

Siku ya kumi na sita alianguka mezani kwake, ofisini. Alilala hospitali siku mbili bila kumjua mtu, na ya tatu akafa, siku nne kabla ya mizani.

Edouard, muuguzi aliyemtunza, alimkuta Albertine ameketi kwenye benchi nje. Edouard alikuwa na kadi ya kilo za Anaclet mkononi.

"Mama, alikuwa anakula nini?"

Edouard akaketi karibu naye, akamwonyesha kwa kidole mstari ulioteremka.

"Ona. Kilo zilikuwa zinashuka muzuri. Munganga alifurahi sana. Alisha kuandikia bureau ya kampuni ati kalani iko anapona, bamuachie kazi yake."

"Kushuka," Albertine akasema, "ilikuwa muzuri?"

"Ile njo dawa yenyewe, mama."

Kwa watu wa Anaclet, mume akifa, mjane huketishwa chini na ukoo wa mume humuuliza jinsi alivyomtunza. Albertine aliketi kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, na alikwisha kuamua. Atasema yote. Atasema sukari, maziwa, mafuta, na wamfanye watakavyo. Aliitaka adhabu ile jinsi mtu mwenye kiu anavyotaka maji.

Hortense akasimama, macho yamevimba.

"Tulimuosha kaka yetu," akasema. "Hatukuona mufupa hata moja. Miye nilimusemea uyu bibi mubaya, mbele ya bantu, na leo naomba musamaha. Kwetu bantu banakufaka bakonde. Anaclet amekufa munene. Mama Brigitte, alimuchunga."

Wazee wakapiga makofi, taratibu, makofi ya heshima. Albertine akafungua kinywa. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwapo, na hakuna hata moja lililotoka. Akalia, na kilio chake wakakielewa kwa namna yao.

Chakula kikaletwa. Hortense alijaza bakuli la bukari na nyama yenye mafuta, akaliweka mbele ya Brigitte. "Kula, mutoto. Usikonde juu ya kilio, baba yako atasikia haya."

Brigitte akamtazama mama yake kwanza, kama kawaida yake. Albertine akanyoosha mkono kulishika bakuli, aliondoe.

"Njo ivyo!" Hortense akasema kwa furaha. "Umulishe weye mwenyewe."

Ukoo mzima ulikuwa unatazama. Mkono wa Albertine ulibaki juu ya bakuli. Kisha vidole vyake vikamega bukari, vikafinyanga tonge, vikalichovya kwenye mafuta, na Brigitte akafungua kinywa.