Kifuniko Cheusi cha Somoe

Mpaka leo nikipita mahali panapopakwa rangi ya fedha, iwe geti au tangi la maji, harufu ile hunifanya niangalie viganja vyangu. Msinicheke. Kila mtu ana harufu inayomsuta, na yangu ndiyo hiyo.

Tulikuwa tunakaa Mikindani, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baba alikuwa na gari refu, kuukuu, alilolinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na alilitumia kupeleka abiria Mtwara mjini. Mlango mmoja wa nyuma tuliufunga kwa kamba ya katani. Lakini injini ilikuwa kubwa, na baba alikuwa na ugonjwa wa kuionyesha: popote aliposimama, hata kama gari halina tatizo, alifungua boneti na kujifanya anakagua maji. Juu ya injini ile kulikuwa na vifuniko viwili vya chuma, kimoja kila upande, mafundi wakiviita tapeti kava. Kazi yake ni kuzuia oili isiruke. Vilikuwa vimebanduka rangi, vimeshika kutu, na oili ya miaka imegandamana pembeni kama ukoko. Siku chache kabla ya Idi Kubwa, baba akasema hawezi kufungua boneti mbele za watu Msimbati, tulikokuwa twende kutembea, injini ikiwa na uso kama ule.

Zamani kazi hiyo angenipa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia spana, na kiti cha mbele, dirishani, kilikuwa changu. Lakini mwaka ule alikuwa amekuja Somoe.

Somoe alikuwa binti wa baba kwa mke wa kwanza, waliyeachana kabla mimi sijazaliwa. Mama yake aliolewa tena huko Mahurunga, na Somoe akaletwa kwetu asome. Alinizidi mwaka mmoja. Aliamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja, akachota maji, akaosha na sufuria ambazo hazikuwa zamu yake. Mama yangu alimsifu. Majirani walimsifu. Baba akaanza kumwita fundi, jina ambalo alikuwa ananiita mimi. Watu husema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo, tena nyingi, na kila siku niliongeza moja.

Baba akavifungua vifuniko, akatupa kila mtu chake. Tulivilowesha kwa mafuta ya taa, tukavikwangua kwa brashi ya waya, kisha tukaanza na msasa, ule mkali kwanza, laini baadaye. "Msifukuze kutu," alituambia. "Isuguliwe mpaka ichoke yenyewe." Mimi nilifukuza. Nilisugua mbiombio, nikaacha mabaka kwenye kona ambazo vidole havifiki. Somoe alikaa na chake mapajani siku mbili, akakunja msasa ukawa mwembamba kama ulimi, akaingia kila kona. Kilipomalizika kilikuwa cheupe, unaweza kuona kivuli cha uso wako. Baba alikigeuza mara mbili, halafu akasema kwamba siku ya Idi Somoe atakaa mbele, aione barabara ya Msimbati.

Wenzangu, nilimwonea wivu. Sikula mchana.

Mama alikuwa na kopo la mafuta ya maganda ya korosho, meusi, anayopaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Mtoto yeyote wa Mtwara anajua mafuta yale hubabua ngozi. Mimi pia nilijua, lakini hasira ilinisahaulisha. Alasiri Somoe alipokwenda chuoni kusoma Kurani, nilichovya kitambaa, nikakipaka kifuniko chake chote, kisha nikakifuta ili yasionekane. Nilitaka rangi imkatae.

Na ikamkataa. Asubuhi baba alipopaka rangi ya fedha, changu kiling'aa, mabaka na yote. Cha Somoe kilitoka madoa ya kahawia. Baba akaviweka vyote juu ya jiko la mkaa la mama, rangi ishike, na cha Somoe kikatoa moshi mkali uliotukimbiza wote uwanjani. Kilipopoa kilikuwa cheusi tititi. Rangi ilikuwa imekwisha, hakukuwa na ya kupaka tena.

"Oili haikutoka vizuri hapa," baba alisema.

"Ni mimi, baba," Somoe akajibu. "Nimeosha vibaya."

Nilisimama pale na furaha yangu, nayo haikudumu hata hadi adhuhuri. Viganja vilianza kuwasha, vikavimba, kesho yake ngozi ikachubuka kama ya kiazi kilichochemshwa. Niliwaambia nilichezea maganda ya korosho. Mama alinitazama kwa muda, akanifunga vitambaa vyenye mafuta ya nazi, akaenda zake.

Basi ndivyo nilivyokwenda Msimbati: kiti cha nyuma, bila hina, mikono imefungwa. Wakati wa kula pilau sikuweza kushika tonge. Somoe akaja akakaa mbele yangu, akaninawisha uso, akanilisha mbele ya watu wote, tonge moja moja, akinitolea mifupa. Akina mama wakasema mtoto huyu kalelewa. Kila tonge nilimeza na machozi ya hasira. Niliamini ananilisha ili aonekane mwema. Nilipokua kidogo nikabadili, nikaamini alinionea huruma, na kwa miaka mingi nilimpenda kwa ajili hiyo. Rangi ya kifuniko changu ilibanduka masika ile ile. Cheusi chake, mafuta ya korosho yakiwa yamegandamana juu yake kwa moto, kilidumu mpaka gari likauzwa.

Tumeshakuwa na wajukuu ndipo nilipomwambia. Tulikuwa tunamenya mihogo ya futari nyumbani kwake. Nilieleza yote, nikamwomba radhi. Hakuacha kumenya.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Kitambaa ulikitupa nyuma ya choo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, na kwa nini alinilisha.

"Mjomba, kaka yake mama, aliniambia nikigombana na watu wa kwenu, nirudi Mahurunga nikafukuze ndege shambani, shule basi. Wewe ulikuwa mtoto wa nyumba ile, mdogo wangu. Mimi nilikuwa naogopa kila siku. Siku ile mama yako alikuwa anatutazama, nikasema nikikulisha vizuri, hawatanirudisha."

Akanisogezea beseni la mihogo upande wangu. Nikachukua muhogo, nikaendelea kumenya.