Nilisubiri Goli, Halikuja

Nilifumba macho nikasubiri timu yetu ifungwe.

Nikasubiri. Nikasubiri tena.

Lile goli halikuja, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Jamani, mimi ni bibi wa wajukuu tisa. Shule niliishia darasa la nne, lakini mpira naujua. Mtaani wananiita Bibi Refa kwa sababu kuotea nakuona kabla ya mshika kibendera. Ugonjwa huu niliambukizwa na kaka yangu, fundi viatu. Ujanani alikuwa akidaka, na mpaka leo watu wanamwita Kipa. Tulizaliwa saba. Tumebaki yeye na mimi.

Kombe la Dunia lilipoanza tukaweka utaratibu wetu. Kila mtu akae kwake, simu iwe hewani tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Mimi na televisheni yangu, yeye na redio yake, maana anadai picha zinamkimbiza moyo. Mlango wake wa chuma anaufunga kwa ndani, komeo la juu na la chini, asije akaingia mtu mwenye mkosi.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri.

Redio yake inatangulia king'amuzi changu. Si sana, ni kama muda wa kumeza mate mara tatu. Kwa hiyo Kipa hujua kabla yangu. Tukifunga, nasikia kwenye simu, "Weweee!" ndipo naona mpira unaingia wavuni. Tukifungwa, nasikia, "Mama yangu, nakufa!" Basi mimi nafumba macho, maana najua kinachokuja.

Siku hiyo ilikuwa robo fainali, saa kumi alasiri. Matokeo moja kwa moja. Dakika ya sabini na kitu.

Kipa alikuwa amepoa tangu kipindi cha pili kianze. Nikamuuliza, "Kaka, mbona kimya?"

"Presha ya mechi, mdogo wangu." Maneno yalikuwa yanaburuzika kama ya mlevi.

Nikamcheka. Nikamwambia kipa gani mwoga namna hiyo.

Kidogo nikasikia, "Nakufa..." Sauti ndogo, ya chini. Halafu kitu kikaanguka kwa kishindo.

Nikajua tumepigwa. Nikajifunika uso kwa upande wa kanga. Nikameza mate mara tatu.

Kimya.

Nikachungulia. Kwenye televisheni mpira uko kwa beki wetu, anautuliza tu, hana haraka na mtu.

Nikajisemea labda leo redio imetangulia zaidi. Nikafumba tena. Nikameza mate mpaka yakakauka.

Ndipo nikamsikia mtangazaji kwenye simu, kule kwa Kipa, anasema kwa utulivu kabisa, "Bado ni moja kwa moja, mpira unarushwa."

Basi hakukuwa na goli lolote.

"Kaka!"

Mtangazaji anaendelea.

"Kipa! Usinifanyie utani huo, mimi mtu mzima!"

Mtangazaji anaendelea.

Nilitoka na ndala moja. Nyingine sijui ilibaki wapi. Simu nimeibana mkononi, sikuthubutu kuikata, niliona nikiikata nimemkata na yeye.

Mtaa ulikuwa mtupu kama watu wamehama. Duka la vifaa limefungwa. Saluni imefungwa, kiti kiko nje peke yake. Niligonga milango mitatu, hakuna aliyenijibu. Kwa Kipa ni mbali kwa miguu yangu, na hata ningefika, yale makomeo ningeyafanya nini?

Wote walikuwa kwenye ukumbi wa kutazamia mpira. Nikaingia. Watu wamejaa pomoni, joto, jasho, migongo mitupu. Nikapiga kelele, "Kaka yangu anakufa!"

Mmoja akanijibu bila kugeuka, "Hata sisi tunakufa, Bibi Refa! Kaa chini!"

Wakacheka.

"Kipa anakufa! Nawaambia kweli!"

"Kipa wetu yuko fiti, Bibi, tatizo ni mabeki!"

Wakacheka tena. Nikamshika shati fundi wa kuchomelea vyuma, yule wanayemwita Cheche, jirani yangu wa miaka yote. Akanitoa mkono taratibu, macho kwenye skrini. "Subiri kidogo, mama yangu. Kidogo tu."

Mara ukumbi mzima ukalipuka. Penalti! Tumepewa penalti! Watu wakapanda juu ya mabenchi. Mchezaji wetu akaukumbatia mpira kusubiri, wapinzani wamemzunguka refa wakibishana.

Kusema kweli, niliogopa. Wanaume zaidi ya mia, na mimi kikongwe nina ndala moja. Lakini nilijua penalti ikipigwa watashangilia robo saa, na hakuna atakayenisikia mpaka jioni.

Nikapita pembeni, ukutani, mpaka ilipo soketi.

Nikachomoa.

Skrini ikawa nyeusi.

Halafu, mama yangu! Matusi niliyoyasikia siwezi kuyaandika hapa. "Nani huyo? Nani?" Mwenye ukumbi anakuja anasukuma watu. Chupa ya maji ikapiga ukuta karibu na sikio langu.

"Ni mimi," nikasema. Nikainua simu juu, nikabonyeza spika mpaka mwisho. "Hii ni redio ya Kipa. Yuko hewani. Msikilizeni."

Wakanyamaza. Nadhani walinyamaza kwa ajili ya penalti, si kwa ajili yangu.

Mtangazaji akasema, "Anakwenda... anapiga... Gooooli! Goooooli!"

Hakuna aliyeshangilia.

Kwa sababu kila mtu mle ndani anamjua Kipa. Timu ikifunga, kelele zake zinafika mtaa wa tatu. Na pale kwenye simu mtangazaji alikuwa anapiga makelele peke yake, kwenye chumba ambacho kuna mtu, na mtu huyo haitiki.

Cheche akasema polepole, "Toba. Kumbe kweli."

Mwenye ukumbi ndiye aliyeniingiza kwenye gari lake. Cheche alibeba nondo. Nyuma watu walikimbia kwa miguu, kundi zima, wakiiacha mechi yao.

Lile komeo la juu lilitoka mara moja. La chini liligoma. Kila nondo ilipoteleza nilihisi imenichoma mimi. Redio inanguruma ndani, mlango haufunguki, mimi nataja majina ya ndugu zetu waliotangulia, nawaomba wasimpokee.

Ulipofunguka, Kipa alikuwa chini, kando ya stuli. Shati limelowa kama katolewa mtoni. Macho yako wazi lakini hayaoni. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi.

"Anapumua!" Cheche akasema. "Mbebeni!"

Kliniki wakamtoboa kidole, daktari akaangalia kipimo, akasema sukari imeshuka mno, akaita dripu ya sukari haraka. Kisha akanigeukia. "Mama, mgonjwa anachoma sindano ya ugonjwa wa sukari?"

"Ndiyo, mwanangu. Kila siku."

"Leo amekula nini?"

Hapo, wapendwa wasomaji, nikatamani ardhi inimeze.

Maana jibu nilikuwa nalo. Mechi iliyotangulia Kipa alizidiwa na viatu vya watu, akasahau chakula cha mchana, na tukashinda. Mimi, Bibi Refa mwenye akili nyingi, nikampigia asubuhi ya robo fainali nikamwambia, "Leo usile kitu mpaka filimbi ya mwisho. Tusibadilishe kilicholeta ushindi."

Akaniambia, "Lakini sindano nimeshachoma."

Nikamjibu, "Saa chache tu, kaka. Utakufa kwa hilo?"

Ndivyo nilivyosema. Kwa mdomo huu huu.

Nikamweleza daktari yote, mbele ya Cheche na mwenye ukumbi. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba dakika chache zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine.

Kipa alipopata fahamu, daktari alimuuliza tena. Akasema, "Nilisahau kula." Akanitazama mimi, akanikonyeza. Nikalia mpaka wakanitoa nje.

Nusu fainali sikukaa kwangu. Nilikwenda kwa Kipa na sufuria yangu, nikamsimamia kijiko kwa kijiko mpaka sahani ikawa nyeupe. Mlango tuliuacha wazi. Tukafungwa tatu bila, tukatolewa.

Kipa akazima redio, akaitazama ile sahani, akanitazama mimi. "Unaona sasa? Ni chakula chako hiki."

"Ndiyo, kaka. Ni mimi."

Alininunia siku mbili, na sijawahi kufurahia kununiwa kama siku zile.

Ninyi mnaopenda mpira, pendeni. Lakini timu haijui kama umekula au umeshinda njaa. Mwenye sukari akishachoma sindano, ale. Na mtu uliyezoea kelele zake akinyamaza, usikae kumsubiri kama nilivyosubiri mimi. Inuka uende ukamwone.