Bunju Niliyemlisha Maini

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, nilipolia machozi ya kweli kwa ajili ya samaki. Unacheka? Cheka tu, hata mimi leo nacheka.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja. Mume wangu Wafula alifanya kazi kwenye treni ya Mombasa, nasi tulikaa nyumba za reli hapa Nakuru. Bosi wake Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia tangi la vioo na pampu yake ya kutoa mapovu. Wafula akaniletea bunju kutoka baharini, yule samaki anayejijaza maji akishtuka, akawa kama mpira. Hata maji ya chumvi yalikuja kwa treni, ndani ya madebe. Majirani walisema tumerogwa.

Sasa, bunju ana meno kama mdomo wa kasuku, na meno hayo hayaachi kukua. Wafula aliniambia, "Huyu mpe vitu vigumu. Konokono na ganda lake, kaa na gamba lake." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini akishasafiri tu, yule samaki alikuja kwenye kioo akinikodolea macho, akipunga mapezi, na moyo wangu ukayeyuka. Hatukuwa tumejaliwa mtoto bado, wacha nikwambie ukweli. Nikamsagia maini. Nikamchambulia minofu, usibaki mwiba hata mmoja. Konokono wa kwenye sukuma wiki nikawa nawatupa ng'ambo ya ua.

Miezi ikapita. Jumanne hiyo nikamkuta bunju amelala chini, tumbo limebonyea. Naweka ini mbele yake, analigusa, linaanguka. Meno ya juu na ya chini yalikuwa yamerefuka mpaka mdomo ukashindwa kufunguka. Haki ya Mungu, anakufa njaa mbele ya chakula! Nikaangua kilio.

Mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Bungoma. Huyo mama hakuwa na maneno ya sukari, nami nilimwogopa sana. Akainama kwenye kioo, akauliza, "Umekuwa ukimlisha nini?"

Nikamwambia.

"Sungura wetu huota meno hivi hivi wakikosa cha kuguguna. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Leta kikata kucha."

"Mama, tafadhali, ukate wewe."

"Mimi? Kwani ni nani alimlea?"

Tukamweka kwenye beseni lenye maji yale yale ya tangi, asije akajijaza hewa badala ya maji. Mama akamshika kwa kitambaa kilicholowa. Lo! Bunju akajijaza, miiba ikamsimama mwili mzima, akanitemea maji usoni. Tukangoja apungue. Nikakata kidogo, kidogo tena, mpaka mdomo ukafunguka. Mama akacheka, "Ati samaki mkunje angali mbichi! Huyu wako amekaribia kukauka."

Nikakimbilia sahani ya maini. Mama akanipiga kofi mkononi. "Konokono tu. Njaa itamfunza."

Siku mbili bunju alininunia, akanigeuzia mkia. Nami nilikaa pale kwenye kiti, nikijizuia. Siku ya tatu, ka! ganda likavunjika. Nilipiga kelele za furaha nikamkumbatia mama mkwe, naye akanikumbatia.

Mwanangu, nakuona ukimbebea kijana wako mkoba mpaka mlango wa darasa. Nasikia uligombana na mwalimu kwa sababu alimpa hesabu ngumu. Najua ni mapenzi. Lakini mapenzi hayo hayo nilikaribia kuua nayo. Mpe mtoto kazi inayomzidi kidogo. Afue soksi zake. Akianguka, mpe nafasi ainuke kabla hujamkimbilia. Akinuna, mwache anune, ila usiondoke. Siku zile mbili kwenye kiti ndizo zilizokuwa ngumu kwangu kuliko kushika kile kikata kucha, na ndizo zilizonifunza kuwa mama.

Haya, Mungu akujalie watoto wenye meno makali, na wewe akutie nguvu za kuwaacha watafune wenyewe.